Samue au monpe, jikatabi au gambuti: kuchagua nguo za Kijapani za shamba na bustani

Anayetaka nguo ya Kijapani ya kulimia karibu kila mara huanza na samue, na hapo ndipo pesa inapopotea. Picha ndiyo inayomponza. Mtawa wa Kibudha amevaa koti la rangi ya nili lililofungwa kwa vikamba ubavuni, na suruali ya rangi hiyohiyo, anafagia majani makavu kwenye ua wa hekalu. Nguo imetulia, mtu naye katulia. Nani asiitamani?

Nami niliitamani, nikanunua. Nina kishamba cha kukodi pembezoni mwa mji wa Kurume, mkoa wa Fukuoka, kisiwani Kyushu: nyanya, bilinganya, bamia, viazi vitamu. Siku ya kwanza nilipoingia na samue yangu mpya, Bibi anayelima kando yangu aliinua kichwa, akanitazama toka juu hadi chini, akauliza, "Mwanangu, leo tunakwenda hekaluni?" Yeye alikuwa na monpe, suruali pana ya shamba, iliyopauka, shati ambalo bila shaka lilikuwa la marehemu mumewe, na jikatabi miguuni. Kufika saa nne mikono yangu mipana ilikuwa imenasa kwenye vijiti vya nyanya mara tatu, na mbu walikuwa wamefika kwapani kwa kupitia mlango niliowafungulia mwenyewe.

Kwa hiyo ulinganisho huu unakwenda kinyume na maduka. Duka huanza na koti kwa sababu koti ndilo linalopendeza kwenye picha. Mimi naanza na miguu, maana huko ndiko Wajapani walikobuni kitu ambacho wengine hawana, na ndiko ukikosea unaumia kweli. Suruali inafuata. Koti ni la mwisho.

Miguuni

Jikatabi ni kiatu kilicho nusu soksi. Juu ni kitambaa kigumu cha pamba kinachopanda kupita kifundo, chini ni soli ya mpira, na kidole gumba kimetengewa chumba chake peke yake. Kinafungwa upande wa ndani karibu na kisigino kwa vikulabu bapa vya chuma viitwavyo kohaze, ambavyo unavipachika kwenye vitanzi vya uzi. Vitanzi viko safu mbili, ya kubana na ya kulegeza. Kadiri vikulabu vinavyokuwa vingi ndivyo kiatu kinavyopanda kwenye muundi: vya vikulabu vitano vinafunika kifundo, vya kumi na viwili vinakaribia goti.

Na kiatu hiki ni mzaliwa wa hapahapa Kurume. Familia ya Ishibashi ilikuwa ikishona tabi, zile soksi za kitambaa zenye kidole gumba pembeni. Wakati huo wakulima na wachimba migodi walivaa malapa ya majani ya mpunga, ambayo yalichakaa upesi mno. Akina Ishibashi wakaipachika tabi soli ya mpira, wakawapa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Miike, kusini mwa mkoa huuhuu, waijaribu, na mwaka 1923 wakaanza kuiuza. Ishibashi Shojiro hakuuacha tena mpira. Mwaka 1931 alianzisha kampuni ya matairi ya Bridgestone, ambayo jina lake ni la ukoo wake lililopinduliwa, kwani ishi ni jiwe na hashi ni daraja. Sisi tuliianza safari hiyo upande wa pili: tairi kuukuu ndilo lililotuzalia makatambuga. Kurume, kiatu ndicho kilichozaa tairi.

Mpinzani wake ni gambuti, na hapa sitasema kimoja ni bora kuliko kingine, kwa sababu kila kimoja kina udongo wake.

Kwenye udongo mkavu, kwenye matuta, kwenye mteremko na juu ya ngazi, jikatabi haina mfano. Soli ni nyembamba na inapinda pamoja na wayo, kwa hiyo unajua umekanyaga nini kabla hujatupa uzito wote. Kidole gumba kinashika chini kama mtu anayetembea pekupeku. Ukichuchumaa kupalilia, kiatu hakikubani mbele. Unapita katikati ya matuta bila kuyabomoa. Watunza bustani wa Japani wana sababu nyingine tena ya kukipenda, kwani bustani nyingi za mahekalu zimetandikwa zulia la mimea laini ya kijani iotayo kwenye kivuli, na buti lenye meno lingelichana. Pale Kanazawa, kwenye bustani ya Kenrokuen, kila tarehe 1 Novemba mafundi huanza kupanda misonobari mikubwa kufunga kamba za kushikilia matawi yasivunjwe na theluji. Ukiwatazama miguuni utaona mpasuko wa kidole gumba. Hakuna anayepanda msonobari kwa gambuti, labda awe amechoka kuishi.

Hata mwanariadha Tanaka Shigeki aliposhinda marathoni ya Boston mwaka 1951, alikuwa amevaa viatu vya kidole gumba kilichotengwa. Ilikuwa miaka 37 kabla ya Ibrahim Hussein wa Kenya kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo, na yeye hakuhitaji mpasuko wowote. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wanapenda kulitaja, kana kwamba mkimbiaji na mpaliliaji wana shida moja.

Sasa kasoro zake. Soli ileile inayokuonyesha udongo inauonyesha msumari njia ya kuingilia. Kama shamba lako lina miiba ya maana, kama ya migunga, jikatabi ya kawaida si ya kwako. Ukiangusha jembe juu ya vidole, kitambaa hakitakusaidia kitu. Zipo aina zenye kinga ngumu mbele, ulizia hizo. Maji yanapita. Kuvaa kunachukua muda, na wiki ya kwanza ngozi kati ya kidole gumba na cha pili itachubuka. Dawa yake ni soksi zenye mpasuko, ambazo lazima ununue pamoja na kiatu, usije ukadhani soksi zako za nyumbani zitajipasua zenyewe. Jambo la mwisho ni ukubwa. Vinauzwa kwa sentimita za urefu wa wayo, na vya kike vikubwa ni adimu. Mwanamke mwenye mguu wa sentimita 26 aende moja kwa moja kwenye vya kiume, aokoe muda.

Kwenye majaruba mambo yanageuka. Gambuti ya kawaida, ile pana, tope la mpunga linaimeza: unainua mguu, buti linabaki. Ndiyo maana wakulima wa Japani wana buti maalumu la kupandia mpunga, la mpira mwembamba unaofika magotini, unaobana kifundo kama soksi, na mara nyingi nalo lina mpasuko wa kidole gumba. Kama kazi yako ni ya majini, hilo ndilo la kununua. Jikatabi ya kitambaa uiache kibarazani.

Hapa nina neno na wenzetu wa Mwea na mabonde mengine ya mpunga wanaovutiwa na jikatabi kwa sababu ni nyepesi. Kichocho kinaingia kupitia ngozi iliyo ndani ya maji, na kitambaa kilicholowa hakikizuii kama mpira mzima unavyokizuia. Wajapani walilijua hili kwa machungu. Bonde la mto Chikugo, unaopita hapahapa Kurume, lilikuwa na kichocho, na bonde la Kofu, mkoa wa Yamanashi, pia. Mdudu wake Katsurada Fujiro alimtambua mwaka 1904, na konokono anayemlea alitambuliwa na Miyairi Keinosuke mwaka 1913 ng'ambo ya mto, upande wa mkoa wa Saga. Waliumaliza ugonjwa kwa kuwaua konokono, kusakafia mifereji na kutibu watu, na Yamanashi ulitangaza kuwa umekwisha mwaka 1996. Kiatu cha kitambaa, hata cha Kurume kwenyewe, si kinga.

Kuna kazi moja ambayo viatu hivi vyote vinashindwa: kufyeka kwa mashine. Hapo vaa buti la ngozi lenye chuma mbele na usitafute utamaduni.

Suruali ndiyo inayolima

Monpe ni suruali pana kiunoni na makalioni, inayopungua kuelekea chini na kubanwa kwenye kifundo. Upana ule una historia. Mwanamke wa shambani alikuwa akiivaa juu ya kimono, akiitumbukiza nguo yote ndani. Ilikuwa na mipasuko pembeni na kamba mbili, ya mbele na ya nyuma. Siku hizi lastiki imechukua nafasi ya kamba.

Nguo hii iliwahi kuchukiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali iliwahimiza wanawake waivae, hata wa mjini waliokuwa wakiiona ya kishamba, ili waweze kukimbia na kupanga mstari kwenye mazoezi ya kujikinga na mabomu. Wengi waliishona kwa kukata kimono zao. Vita ilipokwisha, wa mjini waliivua mara moja. Wa shambani hawakuivua, maana wao hawakuwa wameivaa kwa amri.

Ukweli ni kwamba kwa kazi ya kuchuchumaa sijaona suruali inayoishinda. Jinzi ikilowa inakuwa nzito na inakaba goti. Ovaroli ni imara na ina mifuko, lakini muulize mwanamke yeyote aliyevaa ovaroli siku ya joto choo kikiwa mbali. Monpe inakuachia nafasi yote unayoitaka nyuma, haivutiki kiunoni ukiinama, na kwa kuwa chini imebanwa, siafu na kupe wa majani hawapandi. Inaingia ndani ya jikatabi au gambuti bila kufanya vifurushi.

Ziko za aina mbili, na tofauti ya bei ni kubwa. Za dukani za pamba nyepesi yenye lastiki, ambazo Bibi hununua mbilimbili, ni kama yeni 2,000 au pungufu. Nyingine ni za kitambaa cha Kurume kasuri, ambacho nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na michoro myeupe inatokea yenyewe kwenye nili kama nyota zenye ukungu. Inasimuliwa kwamba aliyeibuni ni msichana wa hapa, Inoue Den, aliyezaliwa 1788, baada ya kufumua nguo kuukuu iliyopauka madoadoa ili aone nyuzi zake zimekuwaje. Mwaka 1957 ufumaji wake ulitambuliwa na taifa kama urithi muhimu wa kitamaduni. Hizo bei yake ni mara tano ya zile za lastiki na kuendelea, lakini kila ukiifua inalainika. Mimi ninayo moja. Navaa kwenda sokoni. Kulimia navaa ya yeni 2,000.

Suruali ya samue inafanana na monpe kwa mbali, ila ni nyembamba makalioni na mguu wake umenyooka. Ukisimama ni nzuri zaidi. Ukichuchumaa nusu saa utajua tofauti.

Wanaume huniuliza kuhusu momohiki, suruali ya kubana ya mafundi bustani, inayovaliwa na haragake, aproni nzito yenye mfuko mkubwa tumboni. Ni mavazi ya fundi: hayana kinachoning'inia, na kupanda mti nayo ni raha. Lakini kamba zake mpaka ufundishwe kuzifunga, na mtu mwenye mapaja manene atateseka. Zile suruali pana kama maputo zinazovaliwa na wajenzi wa majukwaa, sioni zina kazi gani kwenye bamia. Wanaume wanaotaka raha wavae monpe tu. Ziko za kiume, na hakuna atakayecheka zaidi ya Bibi.

Juu

Turudi kwenye samue, isije ikaonekana nina kisirani nayo. Neno lenyewe ni nguo ya samu, na samu ni kazi za mikono za watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha: kufagia, kupasua kuni, kung'oa magugu, kupika. Kwao kazi ni sehemu ya ibada. Kauli ya mwalimu wao wa Kichina wa zamani, Baizhang, ni kwamba siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Kwa hiyo ni nguo ya kazi kweli, wala si vazi la maonyesho. Ila kazi zenyewe ziangalie. Ni za mtu aliyesimama, kwenye ua uliofagiwa, hatua chache toka mlangoni.

Kwa kazi hizo naipenda bado. Kumwagilia maua asubuhi, kuhamisha miche kwenye vyungu, kuanika mbegu, kufagia, kupogoa vichaka vya ua: samue. Majira ya baridi chagua ile ya kitambaa kizito chenye mishono ya sashiko, ile midogo iliyosongamana ya kukipa kitambaa unene. Mgeni akipiga hodi huna haja ya kubadilisha. Zingatia tu kwamba upande wa kushoto unapita juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ni jinsi anavyovishwa maiti, na jirani zako watakuambia haraka kuliko unavyotaka. Usichanganye samue na jinbei pia, ile ya mikono mifupi na kaptula. Hiyo ni ya kupungia upepo kibarazani.

Lakini kwa palizi, kuvuna na kufungia mimea, shati la pamba la mikono mirefu linaishinda samue, hasa ukiongeza vifuniko vya mikono vyenye lastiki kifundoni na juu ya kiwiko. Vinauzwa kila duka la vifaa vya shamba kwa bei ya chai. Wanawake wengi wa umri wa Bibi huvaa kappogi, aproni yenye mikono mizima inayofungwa mgongoni, ambayo zamani ilikuwa ya jikoni ya kukingia mikono ya kimono. Inafulika haraka kuliko koti lolote. Karibu na pawatila au mashine yoyote inayozunguka, samue ni hatari: vikamba vinne na mikono miwili mipana, kila kimoja kinatafuta mahali pa kunasa. Hili silisemi kwa mzaha.

Na joto je? Kyushu wakati wa kiangazi ni joto lenye unyevu kama Tanga mwezi wa pili, bila upepo wa bahari. Samue nyepesi ya kufumwa kwa mikunjo, ile ya Tokushima, inapitisha hewa vizuri. Lakini wakulima wengi sasa wamehamia kwenye kizibao chenye feni mbili mgongoni na betri mfukoni. Kinakuvimbisha kama chura na kinanguruma, lakini kinapoza. Kwenye udongo mkavu kinakuvutia na vumbi, basi kivae palipo na majani.

Rangi ya nili

Wauzaji watakuambia nili inafukuza nyoka na wadudu. Ni imani ya zamani, na Bibi anaiamini. Mimi huku kwenye majani marefu kuna mamushi, nyoka mwenye sumu, nami siitegemei rangi mbele yake. Nategemea gambuti na fimbo. Sifa ya kweli ya nili ni ile ambayo bibi zetu waliijua kwenye kaniki: haionyeshi uchafu, na kupauka kwake kunapendeza. Ifue peke yake mara tatu nne za mwanzo, la sivyo mashuka yote yatakuwa ya samawati.

Utaona pia zikiuzwa noragi za kale, makoti ya shamba yaliyojaa viraka juu ya viraka. Mengi yametoka kaskazini, kule baridi haikuruhusu pamba kuota na watu walifuma nyuzi za mmea wa bangi, wakazishona sashiko kitambaa kipate unene. Viraka vile vilikuwa dhiki. Leo bei yake ni ya dhahabu. Ukiwa nazo fedha nunua, utundike ukutani. Kuivaa kwenye bilinganya ni kuwakosea walioishona.

Kichwani

Hapa sina maneno mengi. Kofia ya nyasi ya Kijapani, sugegasa, inakaa juu ya kichwa kwa kitako chake na kuacha upepo upite chini, ila upepo ukizidi inaruka, na kwenye vijiti vya nyanya inagonga kila kitu. Tenugui, kile kitambaa chembamba cha kama sentimita 35 kwa 90 kisichopindwa ncha, kinafaa siku zote. Unakifunga kichwani, unakilowesha, unakikamua, kinakauka ukiwa bado unavuna. Anayeshughulika na jua kali anunue kofia ya wanawake wa shamba, yenye ukingo mpana na kitambaa kinachoshuka hadi mabegani. Haina uzuri wowote. Niliikataa miaka miwili. Mwaka wa tatu Bibi aliniletea yake ya zamani, yenye maua ya zambarau, akanifunga mwenyewe kidevuni kama mtoto anayekwenda shule, na tangu siku hiyo shingo yangu haijaungua.